Safari ya Mto Kennet: Vijiko Viwili vya Dawa



Ndugu wasomaji, sisi tunaoishi Reading na vitongoji vyake huupita Mto Kennet karibu kila siku, wala hatuutazami. Mto huo hukatiza katikati ya mji, nyuma ya maduka tunakowanunulia watoto viatu vya skuli, kisha ukaenda kumalizikia katika Mto Thames upande wa mashariki. Hapo mjini maji yake ni mazito na ya kijani kibichi, na mara nyingi hubeba makopo na mifuko ya plastiki. Mtu asiyejua hawezi kudhani kuwa mto huo umetoka mahali safi.

Mwezi wa Juni watoto wetu walituuliza swali ambalo hatukuwa na jawabu lake: mto huu watoka wapi? Tukaona aibu. Sisi wenyewe, tulipokuwa wadogo, tulijua kila kisima na kila chemchemi ya mtaani kwetu, nao wanakulia kando ya mto wasioujua asili yake. Basi familia tano tukashauriana, tukakodi magari mawili makubwa, tukapika, na Jumapili moja saa tatu za asubuhi tukaondoka kuufuata mto kinyume na mwendo wake, mpaka mji mdogo wa Marlborough katika jimbo la Wiltshire. Tulikusudia matembezi tu. Tumerudi na jambo ambalo tumeona ni wajibu kuwafikishia wenzetu, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Katika msafara wetu alikuwemo mzee wetu mmoja, mwenyeji wa Mkokotoni, Unguja, ambaye ujanani mwake alikuwa mvuvi wa dema na mishipi. Watoto wote humwita Babu, nasi tumemzoea kwa jina hilo hilo.

Marlborough ni mji wenye barabara kuu moja pana sana, yenye maduka pande zote mbili, na mto hupita nyuma ya majumba bila ya kelele. Tuliteremka bondeni, chini kidogo ya mji, tukafika penye daraja dogo. Hapo ndipo tulipoujua Mto Kennet. Maji yalikuwa maangavu hata kila jiwe la chini lilionekana. Majani marefu ya kijani yalilala juu ya mkondo yakichezacheza kama nywele, na juu yake yalikuwa na maua madogo meupe. Watoto wakalala kifudifudi juu ya mbao za daraja, wakaona samaki wanne aina ya trauti wamesimama vichwa vyao vikielekea mkondo, wakingoja riziki ije yenyewe.

Sababu ya usafi huo ni mawe ya chini. Nchi ya pande hizo imejengeka juu ya chaki, ile ile tuliyoijua ubaoni skuli. Mvua inyeshapo huzama ndani ya chaki, ikachujika humo polepole, kisha ikatoka kwenye chemchemi ikiwa safi na baridi, kiasi cha nyuzi 10 au 11, iwe kiangazi au kipupwe. Mito ya namna hiyo ni michache duniani, na iliyo mingi katika hiyo imo Uingereza. Babu alitia mkono majini, akaunyamazia kwa muda, kisha akasema, "Maji haya yana wenyewe." Alikusudia kwamba yana viumbe.

Hazikupita dakika kumi tukamwona bibi mmoja wa Kiingereza, mtu mzima, amevaa mabuti marefu ya mpira yaliyomfika kiunoni, ameshika wavu wenye mpini. Alisimama katikati ya mto, akautega wavu mbele ya miguu yake upande yanakoelekea maji, akaanza kuyapiga mateke mawe ya chini huku akitazama saa. Watoto wetu walicheka wakidhani anacheza. Baada ya dakika tatu alitoka, akaumwaga wavu wake katika sinia jeupe la plastiki, akatuita kwa mkono.

Ndani ya sinia mlikuwa na ulimwengu mzima. Walikuwemo mabuu wenye mikia mitatu, wengine waliojijengea vijumba vya mchanga na kutembea navyo, na viumbe vidogo vilivyojikunja mgongo vikiogelea kwa ubavu. Babu aliinama, akavaa miwani, akapaza sauti: "Huyu uduvi! Wallahi huyu ni uduvi!" Na kweli alikuwa ni jamaa wa uduvi wetu, ila huyu ni wa maji baridi.

Yule bibi akatueleza kuwa yeye ni katika watu wanaojitolea kuulinda mto. Kila mwezi huenda mahali pamoja, hupiga mateke kwa dakika zile zile tatu, kisha huhesabu makundi manane ya viumbe hao. Hesabu ikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, hupeleka khabari kwa Idara ya Mazingira ya serikali. Mjukuu wa Babu, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa akimfasiria babu yake neno kwa neno. Babu akamwambia, "Muulize, imepata kushuka?" Na hapo ndipo tulipopata khabari hii.

Mwanzoni mwa mwezi wa Julai 2013, mmoja wa hao wa kujitolea alitia wavu wake katika mto, akautoa umejaa maiti. Uduvi walikuwa wamekufa, na mabuu ya wadudu wamekufa. Wakatazama mbele zaidi, na kifo kikawa kinaendelea kufuata mkondo. Idara ya Mazingira ilipopima maji iliikuta dawa ya kuulia wadudu iitwayo klopirifosi. Kiasi cha kilomita 15 za mto, kutoka Marlborough mpaka karibu na mji wa Hungerford, ziliondokewa na viumbe hao wadogo kwa siku chache. Watu walionywa wasiingie majini wala wasiwaachie wanyama wao kuingia, na wavuvi waliambiwa wasile samaki waliowatoa humo.

Klopirifosi ni dawa ya mashambani. Imekuwepo tangu miaka ya 1960, na ilinyunyizwa katika nchi nyingi juu ya matunda, mboga, nafaka na majani ya malisho. Namna inavyoua ni hivi. Katika mwili wa kila mnyama, toka mdudu mpaka binadamu, mishipa ya fahamu hupelekeana amri, na amri ikishafika iko kemikali ya mwilini inayoifuta ili mshipa upumzike. Dawa hii huizuia kemikali hiyo isifanye kazi. Amri haifutiki, misuli hukazana pasina kupumzika, na mwishowe kiumbe hupooza akafa. Samaki na mtu pia hudhurika, lakini huhitaji kiasi kikubwa zaidi. Uduvi na mabuu miili yao ni midogo, nao huoga ndani ya sumu usiku na mchana, kwa hiyo hufa kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona wala pua kukinusa.

Samaki wakubwa hawakuonekana wakielea siku zile. Mtu aliyepita darajani angeona maji ni yale yale maangavu na majani yale yale, akasema mto ni mzima. Kumbe chakula kimeondolewa mezani. Trauti huishi kwa uduvi na mabuu hao, na mabuu wakipata mbawa wakaruka juu ya maji huwa ni riziki ya ndege. Hao mbayuwayu tunaowaona kiangazi wakiambaa juu ya mito ya Uingereza, kisha wakasafiri mpaka kusini mwa Afrika wakati wa baridi, hula wadudu kama hao.

Sasa sikilizeni lililotushitua kuliko yote. Sumu ile haikutoka katika shamba lililo kando ya mto. Ilifuatiliwa mpaka kwenye mtambo wa kusafishia maji machafu wa Marlborough, ambao huyapokea maji ya vyoo na masinki ya watu, ukayasafisha, kisha ukayaachia mtoni. Maana yake ni kwamba mtu fulani, mahali fulani, aliimwaga dawa katika sinki au katika mfereji, akafungua bomba la maji, akaona kazi imekwisha. Wataalamu walikadiria kuwa vijiko viwili tu vya chai vya dawa hiyo, kabla ya kuchanganywa na maji, vingetosha kuleta msiba wote ule. Mitambo ya maji machafu imejengwa kuvunja uchafu wa binadamu kwa msaada wa vijidudu, haikujengwa kuondoa sumu ya mashambani. Aliyeimwaga hakupata kutajwa hadharani, na huenda mpaka leo mwenyewe hajui alichokifanya.

Tulimshukuru yule bibi, tukamkaribisha chakula. Alikula sambusa mbili, akaomba ya tatu, akaenda zake na wavu wake. Sisi tukatawadha kwa maji tuliyokuja nayo, tukasali adhuhuri juu ya majani, kisha tukatandika mikeka. Kulikuwa na pilau, kachumbari, mkate wa kumimina na chai ya maziwa katika chupa. Lakini mazungumzo hayakuwa ya mzaha kama yalivyokuwa garini.

Babu ndiye aliyeanza. Alisema kwamba alipokuwa kijana walikuwepo watu waliovua kwa utupa. Wasioujua utupa ni mmea ambao majani yake hutwangwa, yakatiwa katika vidimbwi vya mwambani maji yakipwa, na samaki wakalewa na kuelea juu. "Wazee wetu wakiukataza," alisema. "Wakisema, mwenye kuvua kwa utupa huvua samaki wa leo na wa kesho. Unachukua mmoja wa kula, unaacha mia wadogo wamekufa." Wengi wetu tulidhani utupa ni mambo ya kale tu. Lakini ndani ya majani yake imo sumu ya jamaa moja na rotenoni, ambayo wakulima wa nchi nyingi waliwahi kuitumia kuulia wadudu shambani. Basi wazee wale, pasina maabara, walikuwa wameshaijua sheria ambayo watu wa Marlborough walikuja kuijua mwaka 2013: kinachoua mdudu wa nchi kavu, kikiingia majini, huua na cha majini.

Mwenzetu mwingine, ambaye kwao ni Mwanza, akatukumbusha ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1999 zilienea khabari kwamba baadhi ya wavuvi wanamwaga dawa za wadudu za mashambani ziwani ili wawapate samaki kwa wepesi. Nchi za Umoja wa Ulaya zikazuia samaki wa ziwa hilo kutoka Kenya, Uganda na Tanzania. Viwanda vya kuchakata sangara vilikosa wanunuzi, na wavuvi waliofuata sheria waliadhibiwa pamoja na waliovunja. Mwenzetu alisema kwamba nyumbani kwao mwaka ule walimla sangara kwa bei ya kutupa, huku kila mmoja akiitazama sahani yake kwa shaka. Wachache walimwaga, na waliolipa ni watu wa mwambao mzima wa ziwa.

Baada ya hapo pakawa kimya. Kisha mmoja katika sisi, ambaye jina lake hatulitaji kwa ridhaa yake na yetu, akasema maneno ambayo hatukuyatarajia. "Mimi ninayo chupa ya dawa hiyo chini ya sinki nyumbani."

Akaeleza. Miaka kadhaa iliyopita walihamia katika nyumba yenye kunguni. Watoto walikuwa hawalali. Waliwaandikia wenye nyumba, wakangoja, wakaandika tena. Basi alipokwenda likizo nyumbani alinunua dawa ya mchwa dukani, akaifunga katika mifuko mitatu, akaja nayo ndani ya sanduku baina ya kanga na halua. Aliipiga vyumbani mara moja, harufu yake ikawaumiza vichwa, akaacha. Chupa ikabaki nusu. Alikumbuka vyema jina lililoandikwa kwenye karatasi yake kwa herufi ndogo, kwa sababu ndilo lile lile alilolitaja yule bibi. Na akamalizia kwa kusema, "Juzi tu mke wangu alisema tusafishe kabati. Nilikuwa niimwage chooni wiki hii."

Hatukumcheka wala hatukumlaumu. Ukweli ni kwamba hapakuwa na nyumba hata moja katika tano zile isiyokuwa na kitu cha namna hiyo: makopo ya mende, unga wa sisimizi, dawa za bustani zilizoachwa na mpangaji aliyetangulia. Sote tumelelewa kuona kwamba kilichomwagwa kimeondoka. Kwetu kilikwenda uani kikazama mchangani, hapa hushuka bombani kikapotea. Nusu chupa ina vijiko vingapi? Mmoja wa watoto alianza kuhesabu kwa vidole, mama yake akamzuia.

Ilitubainikia siku ile kwamba chanzo cha Mto Kennet si chemchemi za chaki peke yake. Kila sinki la nyumba zetu ni chemchemi yake pia, kwani maji yetu machafu, yakishapita mtamboni, hurudi katika mito hii hii.

Iko na khabari ya paka, ambayo inatuhusu zaidi sisi tunaowapenda. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Sussex uliotangazwa mwaka 2020 ulitazama vipimo vya mito 20 ya Uingereza vilivyochukuliwa baina ya mwaka 2016 na 2018. Dawa iitwayo fipronili ilionekana katika asilimia 98 ya vipimo hivyo. Hiyo ndiyo dawa inayotiwa shingoni mwa paka na mbwa kuulia viroboto. Huingia majini mnyama anapooshwa, na pia tunapoosha mikono iliyompapasa na kufua matandiko anayolalia. Hatusemi paka waachwe waliwe na viroboto, kwani huo nao ni uonevu. Tunasema dawa itiwe anapoihitaji kweli, kwa ushauri wa daktari wa mifugo, isiwe desturi ya kila mwezi bila ya sababu.

Sheria nazo zimebadilika. Mwaka 2016 Uingereza iliondoa karibu matumizi yote ya klopirifosi mashambani, Umoja wa Ulaya ukaikataa mwaka 2020, na mwezi wa Mei 2025 nchi zilizo katika Mkataba wa Stockholm zilikubaliana kuitia katika orodha ya kemikali za kukomeshwa duniani, ingawa baadhi ya matumizi yameachiwa ruhusa maalumu. Lakini sheria haiingii chini ya sinki. Chupa iliyonunuliwa zamani hubaki pale pale, na nguvu zake.

Kwa hiyo tunawaomba wenzetu mambo machache. Mwenye dawa ya wadudu asiyoihitaji, ya shambani au ya nyumbani, asiimwage sinkini, chooni, mferejini wala bustanini, na asiisuuze chupa yake. Aiache katika chupa yake ile ile na karatasi yake, aifunge vyema, aiweke mbali na watoto, kisha aipigie simu kaunsili ya mji wake aulize inapokelewa wapi, kwani kaunsili hutoa maelezo ya kupokea vitu vya sumu. Na msafiri asichukue dawa za mashambani kuzileta huku. Zina hatari ndani ya nyumba kwa watoto wanaotambaa kabla hazijafika mtoni. Mwenye kunguni asione haya kusema. Sisi wenzake tutamsaidia kuandika barua kwa kaunsili na kuifuatilia mpaka ijibiwe, kwani laiti tungalifanya hivyo kwa mwenzetu, ile chupa isingalivuka bahari.

Sote tunaijua hadithi iliyopokewa ya kukatazwa israfu ya maji wakati wa kutawadha, hata kwa aliye kando ya mto upitao. Ikiwa kuyatumia maji kupita kiasi kumechukiza, seuze kuyatia sumu yakamfika jirani wa chini ya mkondo, mtu na mnyama.

Kabla ya kuondoka tulirudi darajani. Trauti walikuwa wawili sasa. Yule bibi alikuwa ametuambia kwamba viumbe walirejea baada ya msiba ule, lakini si kwa siku moja. Wadudu wenye mbawa waliruka kutoka sehemu za juu ambazo sumu haikuzifika, wakataga mayai. Uduvi hana mbawa, alilazimika kuchukuliwa na mkondo kutoka juu, mmoja mmoja. Mjukuu wa Babu alimuuliza babu yake kama maji yakimwagika huzoleka. Babu alitabasamu, maana methali hiyo ni yeye aliyemfundisha. "Hayazoleki," alisema, "ila haya yamepata kheri, kwa kuwa juu palibaki safi."

Jumamosi iliyofuata yule mwenzetu, pamoja na wawili katika sisi, aliichukua chupa yake ndani ya ndoo yenye kifuniko mpaka mahali alipoelekezwa na kaunsili. Mpokeaji alisoma karatasi, akavaa glavu, akaitia katika sanduku la chuma, akasema asante. Hakuuliza ilitoka wapi. Shughuli yote haikuzidi dakika tano. Wakati wa kurudi walipita juu ya Mto Kennet, pale nyuma ya maduka, wakasimama wakautazama.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe majirani wema popote tulipo.